Rafu ya Jikoni, Kisumu na Nakuru: Shajara ya Mradi, Januari hadi Julai

Kinachotengenezwa ni vitu vya rafuni ambavyo watu wengi hununua vikiwa tayari: siagi ya njugu, unga wa uji, nyanya za chupa, samli, mboga kavu na musherekha (maji ya majivu ya kulainishia mboga). Jiko kuu liko Kisumu. Kila kinachoweza kurudiwa kinarudiwa Nakuru kwa vipimo vilevile, kwa sababu ya mwinuko na hewa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha muda wa kuchemsha chupa. Tena hewa ya ziwani ina unyevu mwingi: unga uliofungwa mkavu Nakuru ukiachwa wazi Kisumu utashika vidonge.

Vipimo vyote hapa ni vya mizani. Gorogoro ni kipimo kizuri cha kununulia, si cha kupikia, maana kila muuzaji ana gorogoro yake na nyingine zimebonyezwa chini kwa makusudi.

Januari: njugu

Njugu za mvua za vuli ndizo zilizoko Kibuye, soko la Kisumu, sasa. Zinunuliwe zikiwa na maganda ya nje inapowezekana. Zilizokwisha kubanguliwa huwa zimelowekwa maji ili maganda yapasuke upesi, na huo ndio mwaliko wa kuvu. Njugu kavu ukitikisa ganda hulia ndani, na mbegu ukiivunja hukatika kwa mlio. Ikipinda kabla ya kukatika, irudishwe juani. Lengo ni unyevu wa asilimia 7 hadi 8.

Kuchambua ndiyo kazi yenyewe hapa. Kuvu wa Aspergillus flavus hutoa sumu iitwayo aflatoksini, yaani sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi. Kukaanga hupunguza kiasi tu. Mwaka 2004 sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu 125 upande wa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa hiyo si jambo la kusemea tu. Mwaga njugu kwenye uteo mweupe au kitambaa cheupe, penye mwanga wa mchana. Toa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizochipua, zilizopasuka, na zilizotobolewa na wadudu. Zisipewe kuku wala ng'ombe: sumu hupita kwenye maziwa. Sumu haisambai sawa kwenye gunia. Mara nyingi iko katika mbegu chache mbovu, ndiyo maana mikono yenye subira inaondoa sehemu kubwa ya hatari. Kuchambua si kipimo cha maabara, lakini kusaga bila kuchambua ni kuzificha mbovu ndani ya nzuri.

Kukaanga: kilo moja kwa mara moja, sufuria nzito, makaa ya wastani, dakika 25 hadi 30 ukigeuza bila kuacha. Kwenye oveni ni nyuzi 165 kwa dakika 25, ukitikisa trei mara mbili tatu. Usitazame ganda jekundu, maana hilo hudanganya. Pasua mbegu uangalie katikati: ikiwa rangi ya maziwa bado, ikiwa kahawia hafifu itoe mara moja. Njugu huendelea kuiva kwa joto lake baada ya kuepuliwa, kwa hiyo ukingoja zifike rangi unayoitaka ukiwa bado motoni, utapata uchungu. Zimwage kwenye trei pana, zisilundikwe.

Zikipoa, zisugue kwa kitambaa kikavu na upepete maganda. Kilo 2 zilizochambuliwa hubaki kama kilo 1.8 baada ya kupoteza maji na maganda. Chumvi asilimia moja: gramu 18, vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa.

Kusaga kuna hatua tatu na watu wengi hukata tamaa kwenye ya pili. Kwanza hutoka unga. Kisha hushikana kuwa donge gumu linalozunguka na kisu cha blenda bila kusagika. Hapo ndipo mtu huongeza maji, na maji ndiyo yanayoharibu kila kitu: siagi hukaza, hugawanyika, na huota ukungu ndani ya siku chache. Asali na sharubati ya sukari hukaza vilevile kwa sababu zina maji. Dawa ni kusimama, kukwangua kuta, kuacha mota ipoe dakika tano, na kuendelea. Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, na yatatoka yenyewe. Anayetaka utamu asage sukari iwe vumbi kwanza. Kinu cha mkono cha sahani hutoa siagi yenye chembechembe ambayo wengi wetu tunaipenda zaidi, ila pitisha mara mbili.

Chupa iwe kavu kabisa, si iliyooshwa sasa hivi. Mafuta yatapanda juu, na hilo si kosa. Ni kwamba wenye viwanda huweka mafuta yaliyogandishwa kuyazuia. Geuza chupa kichwa chini usiku, koroga asubuhi. Kisumu inakaa mwezi mmoja kabatini, gizani. Zaidi ya hapo iwe kwenye friji.

Februari: samli

Fupi tu. Lita 10 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina mafuta kama gramu 400, na kwa kuengua malai kwa mkono hupati yote. Malai yakusanywe kwenye friji, yachachushwe kwa kijiko cha maziwa mala, kisha yasukwe yakiwa nyuzi 15 hadi 18. Hapa ndipo Kisumu inatatiza: saa sita mchana jiko lina nyuzi 30, siagi inakuwa laini, inashika tindi (majimaji yanayobaki maziwa yakisukwa) ndani yake na haikusanyiki. Suka alfajiri na utie vipande vya barafu. Nakuru shida hiyo ni ndogo zaidi.

Osha siagi kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Tindi linalobaki ndilo linaloungua chini ya sufuria. Yeyusha kwa moto mdogo. Povu jeupe litapanda, kisha mlio wa kuchemka utapungua: maji yameisha. Kuanzia hapo kuna dakika chache tu kati ya masalia ya dhahabu na masalia meusi. Epua yakiwa ya dhahabu, chuja kwa kitambaa kikavu, funga ikiwa imepoa kabisa. Kilo moja ya siagi hutoa samli gramu 800 hivi. Kijiko kilicholowa kikiingia humo, umeondoa sababu yote ya kutengeneza samli.

Machi: unga wa uji, kabla mvua hazijakaza

Kazi ya nafaka ilibanwa hapa kwa sababu masika yakianza hakuna kitakachokauka kwa jua. Mchanganyiko: wimbi kilo 4, mtama kilo 2, soya kilo 1. Njugu haziingii. Zina mafuta, na zikishasagwa ndani ya unga huo zitanuka uzee kabla unga haujaisha. Anayetaka njugu kwenye uji aweke kijiko cha siagi sufuriani. Omena vilevile: isagwe peke yake, kidogo kidogo.

Wimbi la sokoni lina mchanga, na uteo peke yake hauutoi wote. Liweke kwenye beseni la maji, likoroge kwa mkono, umimine nafaka polepole kwenye chombo cha pili ukiacha mchanga chini. Rudia mpaka chini pasibaki kitu. Tandaza juu ya turubai kwa unene usiozidi sentimita moja, geuza kila saa, anua kabla ya jioni. Nafaka iliyoachwa nje magharibi hurudisha unyevu wote uliotoka mchana.

Kipimo cha ukavu bila mashine: chukua chupa kavu, tia kiganja cha nafaka na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikiteremka yote chini, nafaka iko sawa kwa kusaga. Chumvi yenyewe ikaushwe kwanza. Chumvi ya Kisumu iliyokaa wazi hudanganya.

Soya haiingii mbichi. Ina kizuizi cha kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, na joto ndilo hukivunja. Ichemshe dakika 20, ikaushe, kisha ikaange mpaka inukie. Kuchemsha kwanza pia huondoa ile harufu ya maharage mabichi ambayo watoto huikataa.

Kwenye kinu cha posho mambo ni matatu. La kwanza, unga wa kwanza kutoka ni wa mteja aliyetangulia. Mwombe mwenye kinu apitishe konzi kadhaa za nafaka yako kwanza, na hizo uziweke kando. La pili, nyundo na chekeche mpya humwaga vumbi la chuma. Funga sumaku ndani ya karatasi ya plastiki uipitishe kwenye unga. Ikitoka na ndevu nyeusi, tafuta kinu kingine. La tatu ndilo linaloharibu unga mwingi kuliko mengine yote: unga hutoka ukiwa moto. Ukifungwa hivyo, mvuke hugeuka maji kwenye kuta za ndoo, na baada ya wiki mbili utakuta tabaka la ukungu juu na kumlaumu aliyeuza wimbi. Utandaze kwenye shuka safi mpaka upoe, ndipo ufunge.

Kimea kilitengenezwa pembeni, kwa wimbi peke yake. Mtama unaochipua huunda sianidi kwenye chipukizi, kwa hiyo kwa uji wa mtoto hatuutumii kwa kimea. Loweka wimbi gramu 500 kwa saa 12, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu, osha mara mbili kwa siku. Kwa joto la Kisumu, saa 48 zinatosha. Nakuru ilitaka siku moja zaidi. Vichipukizi vikifika urefu wa mbegu mara mbili, kausha, sugua uvitoe, saga. Watu wa busaa, pombe ya nafaka, wanajua hatua hizi tangu zamani, wao wanaongeza tu zinazofuata.

Matumizi: gramu 5 za kimea kwa kila gramu 100 za unga. Pika uji mzito kuliko kawaida, uepue upoe hadi kama nyuzi 65, koroga kimea, ngoja dakika 10. Uji utalegea mbele ya macho yako, kwa sababu vimeng'enya vya kimea hukata wanga. Ukikitia uji ukiwa unatokota, vimeng'enya hufa na hakuna kinachotokea. Baada ya kulegea urudishe motoni uchemke tena dakika tano, maana nafaka iliyochipuzwa hubeba vijidudu vingi. Faida yake ni kwamba kikombe kilekile cha mtoto kinabeba unga mwingi zaidi bila kuwa ugali.

Aprili: musherekha

Mvua tupu. Hakuna kinachokauka, kwa hiyo tukageukia majivu yaliyotunzwa tangu kiangazi. Maganda makavu ya maharage ndiyo bora. Maganda ya ndizi pia yanafaa. Yachomwe peke yake juu ya bati safi lisilo na rangi, mpaka majivu yawe ya kijivu cheupe. Majivu meusi yana makaa na hutoa maji machungu. Plastiki au mbao zenye rangi zisikaribie moto huo.

Toboa matundu madogo chini ya mkebe, tandika nyasi kavu safi, jaza majivu bila kushindilia, mimina maji polepole. Majivu lita moja, maji lita moja. Yatakayodondoka kwanza yana rangi ya chai ya rangi na huteleza kidoleni kama sabuni. Hiyo ni potasiamu kaboneti, alkali. Hulegeza kamba za mrenda, kunde na mitoo na kuzuia majani yasipoteze ukijani. Kijiko kimoja hadi viwili vya mezani kwa kilo moja ya mboga, tena mwishoni. Kuzidisha kunaifanya mboga kuwa uji wenye ladha ya sabuni, na alkali hupunguza vitamini, hasa C na B1.

Yahifadhiwe kwenye chupa ya kioo au plastiki nzito. Chombo cha alumini kitaliwa. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie, potasiamu ni nyingi. Na chupa iandikwe jina: inafanana mno na chai baridi.

Juni: nyanya

Mei haikuwa na cha kuandika isipokuwa kukagua rafu.

Kwa kazi hii chagua Rio Grande au Cal-J, zenye umbo la yai na nyama nyingi. Nyanya za saladi zina maji, utachoma makaa ya bure. Kilo 10 hutoa chupa sita au saba za nusu lita za rojo zito, likiwa limepungua kwa nusu.

Kata nyanya nne nne na uzitie sufuriani papo hapo juu ya moto mkali, ukiendelea kukata na kuongeza zinazofuata. Usizikate zote zikae kwenye beseni. Nyanya iliyokatwa huanzisha kimeng'enya kinachovunja pektini, yaani kinachoshikanisha rojo, na rojo lake litajitenga kwenye chupa: maji chini, nyama juu. Joto la haraka hukizima. Zikilainika, pitisha kwenye chekeche kutoa mbegu na maganda, rudisha motoni bila kifuniko, koroga hadi chini kila mara.

Asidi haina mjadala. Nyanya hukaa karibu na pH 4.6 (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi inapungua), nyingine juu nyingine chini, na juu ya hapo bakteria wa botulinamu, watoao sumu ya kuua, wanaweza kukua ndani ya chupa isiyo na hewa bila harufu wala dalili. Kila chupa ya nusu lita hupata robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, au kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau ya dukani. Limau la kuchuma lina nguvu tofauti kila mti na kila wiki. Siki ya nanasi ya nyumbani haitumiki hapa kwa sababu hiyohiyo, ingawa kwenye kachumbari ni tamu. Vitunguu, saumu na hoho haviingii chupani. Vinapunguza asidi. Vitakaangwa siku ya kupika.

Chupa zijazwe moto, ukiacha nafasi ya robo inchi juu, ukingo ufutwe, kifuniko kikazwe kwa vidole. Tandika kitambaa chini ya sufuria ili kioo kisigonge chuma. Maji yapite vifuniko kwa inchi moja. Muda unahesabiwa maji yakishatokota kwa nguvu, si kabla: Kisumu dakika 45, Nakuru dakika 50. Usawa wa bahari ni 35. Muda wa Mombasa ukitumiwa Nakuru, chupa zitaonekana zimefunga vizuri na hazitakuwa salama. Maji yakikoma kutokota katikati, hesabu inaanza upya.

Vifuniko viwe vipya, vyenye mpira ambao haujawahi kutumika. Vile vya chupa za jemu zilizorudiwa vinaweza kunata leo vikaachia wiki ijayo, kwa hiyo rojo lililomo humo linakaa kwenye friji na kuliwa ndani ya siku chache. Baada ya saa 24 bonyeza katikati ya kifuniko. Kikirudi juu kwa mlio, hakikufunga. Asiye na vifuniko vipya agandishe rojo kwenye trei za barafu. Ni njia duni kwa bei ya stima tu, kwa ladha ni bora.

Julai: kunde na mrenda

Mboga zimejaa, bei iko chini. Kikaushio ni sanduku la mbao mita moja kwa nusu mita, chini bati jeusi, juu plastiki angavu, matundu ya hewa chini mbele na juu nyuma, wavu wa plastiki katikati. Wavu wa vyandarua vya zamani haufai, una dawa. Wavu mmoja hubeba kilo moja ya majani. Matundu ya juu yakiwa madogo, mvuke hubaki ndani na majani hupikika badala ya kukauka. Dalili yake ni rangi ya kahawia na harufu ya chai. Joto libaki kati ya nyuzi 45 na 60. Funika plastiki kwa kitambaa cheusi, kwa sababu jua la moja kwa moja huharibu kiini cha vitamini A.

Kunde, saga (mgagani) na managu (mnavu) hupitishwa kwenye mvuke dakika mbili tatu kwanza, ili vimeng'enya visiendelee kula rangi na ladha rafuni. Mrenda hapana: maji moto huuanzishia utelezi wake na majani hunatana kwenye wavu. Huo hukaushwa mbichi kivulini na kusagwa kwa mkono. Kilo moja ya majani yaliyochambuliwa hurudi gramu 100 hadi 120. Jani likikunjwa livunjike, na mshipa wa katikati uvunjike pia. Mshipa ndio hubaki na maji.

Kabla ya kufunga kwa muda mrefu, jaza chupa ya kioo theluthi mbili, funga, itikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona jasho kwenye kioo, zirudishwe zote kwenye wavu. Ukiona ukungu, zitupwe zote. Awamu ya Kisumu iko kwenye hatua hiyo sasa. Ile ya Nakuru imepita na imefungwa.

Kinachofuata ni mahindi ya Agosti. Magunia hayatanunuliwa kabla ya jaribio la chupa ya chumvi kufanywa mbele ya muuzaji, kisha yataingia kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Lakini ni yakifika asilimia 13.5 tu, maana mfuko huo hufungia unyevu ndani kama unavyofungia wadudu.